Kivuli cha Msafiri: Habari za Jua na Njia katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Tunapoutaja utamaduni wa taifa letu, fikra hukimbilia ngoma, mashairi, vinyago na mavazi ya sherehe. Ni nadra mtu kufikiri kwamba namna watu wanavyojikinga na jua wakiwa njiani nayo ni sehemu ya utamaduni huo. Walakini katika pwani ya Kilwa na Lindi, ambako jua ni mgeni aliyekuja zamani na kukataa kuondoka, elimu ya kusafiri bila kuungua ni kongwe kuliko misikiti ya mawe iliyoko Kisiwani. Elimu hiyo haikuandikwa chuoni. Ilikaa katika saa za kuondoka na saa za kutua, katika nguo, katika mtungi, na katika mti uliojulikana kwa jina. Leo wenye kuirithi, pengine bila kujua, ni vijana waendeshao pikipiki za abiria kati ya Masoko, Nangurukuru, Kivinje, Somanga na Lindi mjini. Nimekusudia kueleza jinsi urithi huo ulivyowafikia, na kwa nini wengi wao wameushika nusu tu.

Yafaa kwanza tulielewe jua lenyewe. Kilwa iko karibu na nyuzi 9 kusini ya mstari wa Ikweta, na Lindi iko katika nyuzi 10. Kwa sababu hiyo jua hutupita utosini mara mbili kila mwaka: mara ya kwanza mnamo katikati ya Oktoba, linaposhuka kwenda kusini, na mara ya pili katika juma la mwisho la Februari, linaporudi. Siku hizo, kati ya saa sita na saa saba mchana, mtu aliyesimama wima hukanyaga kivuli chake mwenyewe. Safari ya Oktoba si nzito sana, maana hewa ingali kavu kiasi. Ile ya Februari ndiyo yenye kuumiza, kwa kuwa hukutana na kaskazi na unyevu wake, kabla masika hayajaanza. Mgeni akisoma kipimo cha joto atashangaa kwamba tunalalamika, kwani Lindi mjini joto la mchana mara nyingi halipiti nyuzi 33. Ndugu zetu wa Maskati wanaona kiasi hicho kuwa ni cha asubuhi. Lakini jasho humpoza mtu pale linapokauka juu ya ngozi, si pale linapotoka, na hewa iliyokwisha kushiba maji hailipokei tena. Hilo ndilo fumbo la pwani: mtu amelowa, na bado anaungua.

Wenye enzi wa kale walilifumbua fumbo hilo kwa mawe. Husuni Kubwa, jumba lililojengwa katika karne ya 14 na ambalo huhusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lilikaa juu ya genge la bahari kaskazini ya kisiwa, mahali ambapo upepo hauna kizuizi. Ndani yake mlikuwa na nyua zilizochimbwa chini ya kiwango cha vyumba, na birika la kuogea lenye pembe nane, ambalo kuta zake bado zaonekana. Nyumba za mawe za wenye uwezo zilikuwa na kuta nene za matumbawe na chokaa. Vyumba vyake vilikuwa vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na jua halikupata njia ya kufika katikati. Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331 alikuwa amepita Mogadishu kwanza, na huko alimwona mtawala akitembea chini ya vivuli vinne vya hariri vilivyobebwa juu yake, na juu ya kila kimoja ndege wa dhahabu. Wareno nao walipofika Malindi mwaka 1498 walimkuta mfalme ameketi chini ya mwavuli wa atlasi nyekundu. Kwa hiyo kivuli chenye kutembea kilikuwa alama ya ufalme. Aliyebebewa kivuli alikuwa mkubwa, na aliyekibeba alikuwa juani.

Mtu wa kawaida hakuwa na mwavuli wa hariri, bali alikuwa na pamba. Katika machimbo yaliyoongozwa na Neville Chittick tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, vilipatikana Kisiwani vigurudumu vya kusokotea uzi, navyo vyashuhudia kwamba watu wa mji ule walisokota pamba yao wenyewe. Nguo ya pamba, nyeupe, pana, isiyobana mwili, ndiyo dawa ya kwanza ya safari ya mchana. Huurudisha mwanga, hunywa jasho, na huacha hewa ipite kati yake na ngozi. Kanzu si vazi la ibada tu, kama vijana wengine wanavyodhani. Ni chombo cha hali ya hewa.

Ya bahari nitayapita upesi, maana baharini jua huwa na upepo wa kulituliza. Itoshe kusema kwamba hata leo nahodha wa mashua aendaye Songo Mnara hupenda kung'oa nanga alfajiri, akipata umande unaovuma kutoka bara, ili awe amefika kabla maji hayajaanza kung'aa kama bati.

Nchi kavu ndiko kulikokuwa na elimu yenyewe. Misafara iliyotoka Kilwa Kivinje kwenda Ziwa Nyasa katika karne ya 19, na ile ya kaskazini iliyotoka Bagamoyo, iliishi kwa saa. Mzigo ulifungwa kungali giza, kirangozi akatangulia, na mwendo ukaanza wakati umande ungali majanini. Kufikia saa nne au saa tano ya asubuhi msafara uliojaliwa maji ulikwisha kutua. Mchana ulikuwa wa kupika, kulala, kushona viatu vya ngozi na kugombana. Wazungu waliosafiri na wapagazi wetu waliudharau mwendo huo na kuuita uvivu, lakini wengi wao walikuja kuufuata baada ya homa mbili tatu.

Palikuwa na mwendo mwingine, nao ulikuwa na jina lake. Njia ilipopita mahali pasipo na maji kwa siku nzima, wapagazi hawakuondoka alfajiri. Walipumzika kisimani mpaka mchana, wakanywa na kujaza vibuyu, kisha wakaondoka jua lilipoanza kuinama. Walikwenda mpaka giza likaingia, wakalala porini bila maji, na kesho yake asubuhi, kabla joto halijakomaa, wakakifikia kisima cha pili. Kwa hila hiyo mwendo wa siku moja ya kiu ulikatwa vipande viwili, na kati yake ukatiwa usiku. Mwendo huo waliuita terekeza, na wasafiri kama Burton na Stanley waliliandika neno hilo vitabuni mwao kwa tahajia mbalimbali. Burton, aliyefika Kilwa yenyewe mapema mwaka 1859 wakati kipindupindu kilipokuwa kikiwamaliza watu, alilalamika sana juu ya mateso ya terekeza. Hata hivyo mimi naona kwamba aliyebuni mwendo ule alikuwa na hesabu nzuri kuliko wengi walioandika juu yake. Neno hilo sasa karibu limesahaulika, na ningependa walimu wa shule zetu walifufue.

Lakini tusiipambe historia. Mpagazi wa kulipwa aliweza kugoma na kuutua mzigo chini ya mti, mtumwa hakuweza. Kilwa Kivinje ilipata mali yake kubwa katika karne hiyo kwa kuuza watu, na watu hao waliletwa pwani kwa miguu kutoka nchi za Nyasa, wengine wakiwa na kongwa shingoni. Baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka 1873, na usafirishaji kwa bahari kuzuiwa, wafanyabiashara waliwageuza mateka kwenda kaskazini kwa nchi kavu, wakiifuata pwani kutoka Kilwa, mpaka Sayyid Barghash alipoipiga marufuku misafara hiyo mwaka 1876. Katika miaka hiyo mitatu njia ambayo leo ni ya lami ilikuwa njia ya mchanga wa moto na mikoko, na waliopita hawakuulizwa kama wanataka kupumzika. Wazee hutuambia kwamba mchumia juani hulia kivulini. Methali hii naiheshimu, ila nikiwa Kivinje, mbele ya magofu ya nyumba za ghorofa za wakati ule, siwezi kuitamka bila kusita. Pale mmoja alichuma juani na mwingine akalia kivulini.

Utawala wa Wajerumani nao uliziondoa saa mikononi mwa mwenye mwili. Kulima pamba ya serikali kwa amri, jua kali, chini ya usimamizi wa akida, kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowachosha Wamatumbi, na Julai 1905 huko Nandete miche ya pamba iling'olewa na Vita vya Maji Maji vikaanza. Ndiyo pamba ile ile iliyowasitiri na jua watu wa Kisiwani, sasa imekuwa sababu ya kuchomwa nalo. Kisha ikaja Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Waingereza walipoingia Kilwa na Lindi mwaka 1916, majeshi yao yalihudumiwa na wapagazi walioandikishwa kwa maelfu na maelfu, na waliouawa na maradhi na uchovu walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Mapigano ya Narung'ombe ya Julai 1917, bara ya Kilwa, yalipiganwa mahali palipokuwa na visima. Katika vita hivyo hivyo pikipiki zilitumiwa na jeshi, lakini waliozipanda walikuwa askari wa Kizungu kutoka Afrika Kusini. Mwafrika aliiona pikipiki kwanza kama kitu kinachompita.

Chombo cha magurudumu mawili kilichotufikia sisi kilikuwa baiskeli. Baiskeli ya Phoenix kutoka China ilibeba korosho, samaki wakavu, mgonjwa na bibi harusi. Mwenye baiskeli alizitawala saa zake kama mpagazi huru: aliondoka alfajiri na kurudi baada ya alasiri. Safari ya Dar es Salaam ilikuwa ya lori au basi, na sisi tuliokuwa wadogo katika miaka ya 1970 tulioneshwa na wakubwa wetu jinsi ya kungoja pantoni ya Rufiji, pale Ndundu: kukaa chini ya lori, baina ya magurudumu, ambapo hapakuwa na mti mwingine. Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 liliuondoa ungojaji huo, na lami ikafuata kipande baada ya kipande.

Ndipo bodaboda ikaingia. Jina limetoka mpakani mwa Kenya na Uganda, huko Busia, ambako tangu miaka ya 1960 vijana walivusha watu kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Kwetu kusini pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilianza kuenea katika muongo wa kwanza wa karne hii, na mwaka 2010 kanuni za serikali zikaruhusu pikipiki na bajaji kupewa leseni ya kubeba abiria. Tangu hapo mtumishi wa ofisi, mwalimu, mkunga na muuza samaki wote wamekuwa abiria wa pikipiki, nami nikiwemo.

Mwishoni mwa Februari mmoja nilikuwa na kazi Kivinje, na gari la kazi halikupatikana. Nilitoka Masoko saa sita kasoro, jambo ambalo babu yangu angelicheka. Kijana aliyenichukua alikuwa amevaa koti zito, tena amelivaa kinyume, mgongo wa koti ukiwa kifuani. Nilimwuliza:

"Mwanangu, kwa joto hili koti la nini?"

"Shikamoo mzee. Bila koti kifua kinaingia upepo, jioni nakohoa. Halafu jua likikupiga mikononi kutwa, usiku mikono inawaka."

"Basi kwa nini usipumzike mpaka alasiri?"

Alicheka. "Nikikaa kivulini mpaka alasiri, mzee, jioni mwenye pikipiki nitampelekea nini?"

Mpaka Nangurukuru, mwendo wa kilomita 30 hivi, sikusema tena. Kijana yule hakuwa na pikipiki yake. Kila jioni alimpelekea tajiri kiasi kilichopatanwa, kinachoitwa hesabu, na kilichozidi ndicho kilichokuwa chake. Kumbe saa zake, kama za mpagazi wa serikali, alikuwa nazo mtu mwingine aliyekaa barazani.

Katika habari ya koti alikuwa na haki kuliko nilivyodhani. Pikipiki ikiwa katika mwendo huleta upepo, na maadamu hewa ni baridi kuliko ngozi, upepo huo hupoza. Pwani yetu ni hivyo karibu siku zote. Lakini ni rafiki mwenye kuficha mambo. Jasho hukauka upesi hata mtu asilione, naye hudhani hatoki maji, kumbe mwili unakauka kama mtungi uliopasuka kitako. Ishara huja kwa kuchelewa: ulimi mzito, kichwa kugonga, mkojo kuwa rangi ya chai, kisha kizunguzungu, na kizunguzungu juu ya magurudumu mawili si jambo la mchezo. Nguo yenye kufunika mikono hulizuia jua na kulipunguza kasi jasho lisipeperushwe lote mara moja. Kosa la koti lile si kufunika, bali ni kuwa la nailoni nyeusi. Babu zetu wangelifanya la pamba, jeupe na pana, na shingoni wangetia kitambaa kilicholoweshwa maji. Hilo la kitambaa nimewaona madereva watu wazima wa Lindi wakilifanya: huchovya leso katika ndoo ya kijiweni, huikamua nusu, huizungusha shingoni, na upepo wa mwendo hufanya kazi ile ile ambayo ukuta wa mtungi huifanya kwa maji ya kunywa.

Kofia ngumu ni shauri jingine. Sheria yaitaka kwa dereva na kwa abiria, nayo ni ya haki, kwani imewaokoa wengi. Lakini ile ya abiria huvaliwa na watu ishirini kwa siku moja, na jasho la wa kwanza humngoja wa mwisho. Akina mama huikwepa kwa ajili ya ushungi na nywele, wanaume kwa hofu ya mapunye. Nimemwona mama mmoja wa Mingoyo akitoa mkobani kitambaa chepesi cha pamba, akajifunga kichwani kwanza, ndipo akaivaa kofia juu yake bila maneno. Jambo dogo hili lingefaa kuenezwa. Na wale wafunguao mwavuli wakiwa wamekaa nyuma ya pikipiki niwaambie kwamba mfalme wa Malindi alikuwa ameketi. Mwavuli katika mwendo ni tanga, na pikipiki si jahazi.

Tena kuna kunywa. Njia yetu ina bahati ya minazi. Dafu lina maji na chumvi kiasi, na muuzaji wa madafu wa Kivinje haitaji elimu ya daktari kulijua hilo. Msimu wa ukwaju na wa mabungo huleta vinywaji vyenye ukali unaoamsha kinywa. Vijana wengi siku hizi hupendelea vichupa vya kuongeza nguvu, vitamu mno, na hunywa viwili vitatu badala ya maji. Nakiri kwamba hasira yangu hapa ni ya mtu mzima na pengine si ya haki yote, kwa kuwa kichupa kiko tayari dukani, nalo dafu lataka kungojwa likatwe. Ramadhani ikiangukia miezi ya joto, kama ilivyokuwa katika miaka ya karibuni, madereva waliofunga hujipangia wenyewe utaratibu ambao mpagazi wa kale angeutambua: kazi nyingi baada ya sala ya alfajiri, kupungua adhuhuri, na kuanza tena kuelekea magharibi. Tajiri mwenye pikipiki, akiwa naye amefunga, kwa kawaida hulikubali. Nimejiuliza kwa nini lisikubaliwe mwezi wa Februari pia.

Jambo la mwisho ni miti. Njia ya mchanga ilikuwa nyembamba, na matawi ya miembe na mikorosho yaliikutanisha juu. Lami ilipokuja, ardhi ya pande zote mbili ilisafishwa kwa ajili ya hifadhi ya barabara. Tumepata kasi, na katika mvua za kimbunga Hidaya za Mei 2024, zilipoikata barabara sehemu za Somanga, kila mtu alijua thamani ya lami hiyo kwa kuikosa. Lakini kivuli kati ya kituo na kituo kimekwisha, na mchana lami hurudisha joto lile ililolinywa tangu asubuhi. Kwa hiyo vijana wameanzisha vituo vyao wenyewe. Kila kijiwe cha bodaboda katika mji wa Lindi kiko chini ya mti: hapa mkungu, pale mwembe, kwingine mwarobaini. Mti ukikatwa kijiwe huhama siku ile ile, na abiria hujulishwa kwa mdomo. Chini yake pana benchi, ndoo yenye kata, na mara nyingi mzee mmoja asiye na pikipiki anayeamua magomvi ya zamu.

Juzi nilikuwa Nangurukuru usiku, nikingoja basi. Mnamo saa kumi ya alfajiri walikuja madereva wanne wa pikipiki waendao njia ya Liwale, zaidi ya kilomita 200 za vumbi na pori. Kila mmoja alikuwa na dumu la maji alilolifunga kwa mpira nyuma ya kiti, na mmoja alikuwa amelivisha lake gunia lililoloweshwa. Nikawauliza watatua wapi. Wakanitajia vijiji, na katika kila kijiji kisima na mti wake, na saa wanayotazamia kufika. Saa tano, walisema, watakuwa wamelala chini ya mwembe, na wataondoka tena jua likiinama. Neno terekeza hawakuwa wamelisikia. Niliwaandikia katika karatasi, mmoja akaitia mfukoni, wakawasha taa wakaondoka.